Mkaguzi wa Okestra Yetu

Jumapili, 3 Machi

Dada, nisamehe. Uliniachia daftari hili siku ile unaondoka, ukasema niandike mvua zikianza na nikutumie zikikatika, ili huyu mwanangu, ambaye ni mwanao pia, asikue bila mama yake mkubwa kujua. Mvua zimeanza kitambo, na mimi ndiyo kwanza nafungua ukurasa. Sina kisingizio cha maana. Daftari limekaa chini ya pasi, likahamia juu ya kabati, likatumika kupepea mkaa. Kila nikikaa niandike, usingizi unanibeba kabla sijafungua kalamu. Usininunie.

Basi nikupe habari kwa ufupi. Mwanao ana meno mawili na anatambaa kinyumenyume kama gari linalotafuta pa kuegesha. Shemeji yako bado anachomelea mageti, anarudi na matundu mapya kwenye kila shati. Mama mkwe amepata oda ya sare za shule, kwa hiyo asubuhi nakaa naye, yeye kwenye cherehani, mimi natia vifungo na kukunja pindo. Alasiri nabeba ile fidla yangu kubwa, sello, mgongoni na mtoto kifuani, naenda mazoezi. Shemeji yako anasema kwa mbele naonekana mama, kwa nyuma naonekana kabati linalohama.

Okestra bado inafanyia mazoezi kwenye ghala lile la bati. Kiongozi wetu ni yuleyule, tunamwita Bwana Fimbo akiwa hayupo, kwa ajili ya kijiti chake na kwa ajili ya tabia yake. Mwaka huu ametuchagulia kazi moja ndefu, tutaipiga ukumbi wa manispaa tarehe 12 Mei. Sehemu ya pili ni ya polepole. Inaanza na sello moja, peke yake, wengine wote kimya.

Sello hilo ni mimi, Dada. Ndiyo. Mdogo wako huyuhuyu aliyeishia kidato cha pili.

Jumatano, 6 Machi

Nepi hazikauki. Sina lingine.

Jumamosi, 9 Machi

Leo mvua ilianza tukiwa katikati ya ile sehemu ya polepole, si kubwa, ya kunyunyiza tu. Wapita njia wakajibanza mlangoni kwetu. Bwana Fimbo hapendi watu mlangoni, ila leo hakuwafukuza. Nilipomaliza kipande changu na fidla zikaingia, nikainua macho. Kulikuwa na mbeba mizigo mmoja, mwili kama mlango wa benki, amesimama na gunia kichwani. Machozi yanamshuka na hawezi kuyafuta, maana mikono yote miwili imeshika gunia. Hakulitua mpaka tulipomaliza. Kisha akasema, "Mnatutaka nini nyie watu?" akaondoka zake kwa hasira.

Na mwanao je? Mimi humlaza kwenye kifuniko cha kasha la sello, nimekitandika shuka, karibu na ngoma kubwa za shaba kwa sababu ndiko kuna nafasi. Mpiga ngoma hizo tunamwita Mapipa. Ni mtu wa mizaha mpaka Bwana Fimbo humtishia kumhamishia nje. Yeye ndiye aliyempa mwanao jina la Mkaguzi. Mtoto anakaa pale, macho makavu, anaangalia pinde za fidla zinavyopanda na kushuka, anamhamia mpiga tarumbeta, anamrudia Bwana Fimbo. Halii. Hashtuki. Mapipa akipiga zile ngoma watu wazima wanashika kifua, yeye anacheka.

"Huyu alizaliwa humu," Mapipa anasema. "Huyu sikio lake ni la dhahabu. Mkaguzi, leo tumefaulu?"

Na okestra nzima inangoja mtoto atikise kichwa. Akitikisa wanapiga makofi. Hata Bwana Fimbo ameanza kumtupia jicho kabla hajashusha kijiti. Dada, nilivimba kichwa. Nilijua nimezaa mwanamuziki.

Alhamisi, 14 Machi

Radi ilipiga asubuhi, karibu kabisa, kikombe kikacheza mezani. Mimi nilijichoma sindano. Paka akapotelea uvunguni. Mwanao alikuwa amelala kwenye mkeka kando ya cherehani, na akaendelea kulala.

Mama mkwe aliacha kukanyaga cherehani. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Mwanangu, huyu mtoto anasikia?"

"Amezoea kelele, Mama. Anashinda kwenye ngoma."

"Sikuuliza amezoea nini. Nimeuliza anasikia?"

Nilimwambia anasikia vizuri kuliko watu wazima wengine humu ndani. Nilisema hivyo, ndiyo. Yeye akarudi kwenye mshono wake. Tangu nimekuja nyumba hii hajawahi kukosa neno la kuchomeka, mara sello linakula nafasi ya kitanda, mara mwanamke gani anapanua miguu mbele za watu na mti katikati. Sasa amehamia kwa mtoto.

Ijumaa, 15 Machi

Hatusemezani. Tunaombana mkasi kwa kuonyeshana kidole.

Jumanne, 19 Machi

Nimemkuta mama mkwe anapiga vifuniko vya sufuria nyuma ya kichwa cha mwanangu. Mtoto alikuwa amekaa, anatafuna kitambaa. Anapiga, anasubiri. Anapiga tena. Nilimnyang'anya vile vifuniko.

"Unamfanyia nini mjukuu wako?"

"Ninachotakiwa kufanya," akasema. "Wewe uko na wenye masikio huko, mnampigia makofi. Mimi niko naye hapa namwita, hageuki."

"Kwa hiyo unataka awe na kasoro?"

Dada, uso wake ulibadilika kama nimempiga. Akasema polepole, "Unadhani mimi ndiye ninayetaka hivyo?" Akaenda kukaa barazani akitazama mvua.

Nilimbeba mtoto nikamwimbia usoni. Alicheka, akanishika mdomo. Unaona? Alicheka.

Jumapili, 24 Machi

Shemeji yako amenitetea mbele ya mama yake. Alisema, "Mama, mwache mwenzako apumue." Nilifurahi. Furaha yenyewe haikudumu.

Alhamisi, 28 Machi

Mazoezi mazuri. Bwana Fimbo amenisimamisha baada ya kipande changu, akasema mbele ya watu wote, "Hapo. Hapo usiguse kitu tena mpaka Mei." Mwenzangu wa sello tunayeshirikiana naye stendi ya noti, mwalimu wa hesabu, alinifinya paja kwa furaha.

Njiani kurudi mtoto alikuwa mgongoni kwa zamu, sello kifuani. Nilimwita njia nzima. Barabara ilikuwa na kelele nyingi, magari na maji.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Mvua. Ukuta wa chumbani umeota ukungu mpaka usawa wa kitanda. Nimeegemeza sello upande wa pili.

Leo mama mkwe alimvika mwanao sweta aliyoifuma kwa mabaki ya uzi wa sare, rangi nne hazipatani. Mimi sikuivua.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo naandika kirefu, unisome taratibu.

Unajua ghala letu mvua ikikaza hatusikii kitu. Zamani tulikuwa tunaacha kupiga, tunakaa kupiga soga. Bwana Fimbo alipokuja akakataza. Utaratibu wake ni kwamba mvua ikifunika sauti, okestra haisimami, tunapiga kwa macho. Unamwangalia kiongozi wa kundi lako, unaangalia upinde wake unapogeuka, unaangalia mabega ya wapuliza tarumbeta yanapovuta pumzi. Hujisikii hata mwenyewe. Unaona tu mikono inakwenda. Anasema okestra inayoweza kupiga bila kusikia haitapotea ikisikia.

Leo mvua ilikuja ghafla kama mtu kamwaga kokoto juu ya bati. Ilikuwa sehemu ya polepole, na kipande changu kimeanza. Niliona Bwana Fimbo ananikazia jicho, maana yake endelea. Nikaendelea. Nilikuwa nasukuma upinde, mti unatetemeka mapajani, na hakuna sauti inayotoka. Inatisha, Dada, hata ukizoea. Wote tulikuwa tumekunja nyuso, macho yametutoka, tunatafutana kama watu waliozimikiwa taa. Mwalimu wa hesabu alikuwa anatafuna mdomo. Mapipa mwenyewe hana mzaha, anahesabu kwa kichwa.

Nikatupa jicho kwa mtoto, kumwangalia tu kama kawaida.

Alikuwa anatuangalia. Pinde zinapanda, pinde zinashuka, macho yake yanazifuata. Uso wake ni uleule. Uleule wa kila siku. Kwetu sisi dunia ilikuwa imezimwa, na kwake hakuna kilichobadilika.

Nilijua hapohapo. Mkono ulikuwa bado unasukuma upinde, na mimi nimeshajua.

Kisha mvua ikakatika mara moja, kama ilivyokuja, na sauti yote ya okestra ikaturudia kwa mpigo, tarumbeta zikiwa juu kabisa. Watu wote walishtuka, wengine wakacheka katikati ya kupiga, mwalimu wa hesabu aliruka kwenye kiti. Kila mtu ndani ya ghala aliruka, Dada. Isipokuwa mmoja, amekaa kwenye kifuniko cha kasha na sweta ya rangi nne, anashangaa tunacheka nini.

Nilimaliza kipande changu. Bwana Fimbo akasema nimekosea mara mbili. Nikamwambia najua.

Watu wote wale wenye masikio yaliyofunzwa, wanaoweza kukuambia fidla ya mwisho kule nyuma imeshuka kwa unywele, na mimi mama yake nikiwa katikati yao, tumempigia makofi miezi yote hii kwa kuwa ametulia. Tulidhani anatusikiliza. Hakuna mwingine angeweza kukosea hivyo isipokuwa sisi.

Jumapili, 7 Aprili

Nilimwambia shemeji yako. Akachukua nyundo yake na kipande cha bati, akaenda nyuma ya mtoto. Alipiga mara moja tu. Jirani akafungua dirisha kuuliza kuna nini. Mtoto alikuwa anajaribu kuokota punje ya mchele sakafuni.

Shemeji yako aliweka nyundo chini kama yai. "Labda ni nta," akasema. "Watoto huwa wanajaa nta."

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Nilingoja aseme si niliwaambia. Akasema, "Kesho zahanati tunakwenda wote watatu. Mimi nitabeba mwavuli."

Jumatatu, 8 Aprili

Si nta.

Wametuandikia hospitali kubwa. Mtaalamu wa masikio huja siku moja kwa mwezi, na mwezi huu tayari ameshapita. Anarudi Alhamisi, tarehe 9 Mei.

Mama mkwe alimuuliza tabibu, "Na hapo katikati tufanye nini?" Tabibu akasema tungoje. Mama mkwe akasema kungoja hajawahi kuona kunashonea mtu suruali. Nilicheka hadharani, Dada, kwa mara ya kwanza na mwanamke huyu. Kisha nikalia kwenye benchi, akanishikia mkoba.

Jumanne, 16 Aprili

Nilidhani tarehe 9 haigongani na tamasha, kumbe nilihesabu vibaya. Leo Bwana Fimbo katangaza ratiba. Mazoezi ya mwisho, okestra yote, ukumbini, Alhamisi tarehe 9 Mei kuanzia asubuhi. Na kila mtu anaijua sheria yake: asiyekuwepo mazoezi ya mwisho haketi jukwaani. Mwaka juzi mpiga filimbi wetu wa kwanza alikosa kwa ajili ya harusi ya dada yake, akasikiliza tamasha akiwa kwenye ngazi.

Sijamwambia mtu.

Jumatano, 17 Aprili

Nimepiga kipande changu nyumbani mtoto akiwa amekaa mbele yangu. Alichoka kuangalia, akaenda zake kinyumenyume.

Jumanne, 23 Aprili

Sikulala vizuri. Mama mkwe kaniuliza, nikamweleza habari ya tarehe 9. Akakanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi.

"Nitampeleka mimi," akasema. "Wewe nenda kapige."

"Wewe, Mama? Si ulisema ni mti katikati ya miguu?"

"Nilisema. Na bado ni mti. Lakini nilipita pale ghalani siku ile ya soko." Akawa anatafuta tundu la sindano. "Nilisimama nje. Nikamkumbuka marehemu mume wangu vibaya sana, nikarudi bila nyanya."

Nilimshukuru. Nimewaza kutwa nzima. Kuna atakachosema yule mtaalamu, na atakisema mara moja, na mtoto atakuwa anatafuta uso wa kuangalia. Nataka uwe wangu.

Jumamosi, 27 Aprili

Nilibaki baada ya mazoezi. Bwana Fimbo alikuwa anapanga karatasi zake.

"Tarehe 9 sitakuwepo," nikasema. "Nampeleka mtoto hospitali. Masikio."

Alisimama na karatasi mkononi. "Mkaguzi?"

"Hasikii."

Akaangalia kule kwenye ngoma, kwenye nafasi ya kasha. Midomo yake ilicheza. Nadhani alikuwa anakumbuka kila mara alipomtupia jicho kabla ya kushusha kijiti.

"Pole sana," akasema. "Pole sana, mama. Lakini unaijua sheria. Nikiipinda kwako..."

"Sikuja kukuomba uipinde. Nimekuja kukuarifu mapema, umwandae mwenzangu. Anakijua kile kipande, ila anakimbilia mwisho. Mwambie avute pumzi pale kabla fidla hazijaingia."

Alitaka kusema kitu, nikabeba sello langu nikatoka.

Mapipa alinifuata nje, amejifunika gunia kichwani kwa mvua. Alikuwa amesikia. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Shemeji," akasema, ndivyo anavyoniita, "nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mwezi wa pili. Alikuwa ameangalia ukutani, nikapiga ngoma kwa nguvu zote nimchokoze. Hata bega halikucheza. Nikajiambia labda ana usingizi. Nikamuita Mkaguzi, watu wakacheka, yakaisha."

"Ulikaa nalo tangu mwezi wa pili?"

"Nani anataka kuwa wa kwanza kumwambia mama?"

"Mama mkwe wangu," nikamwambia. "Yeye alitaka."

Nilimwacha amesimama na gunia lake. Nilikuwa namwona huyu ndiye rafiki na yule ndiye adui. Nimevaa shati ndani nje mwaka mzima.

Alhamisi, 2 Mei

Kila mtu okestra ameshajua. Mwenzangu wa stendi alilia kuliko mimi, nikawa namfariji mimi. Mpiga besi, mtu mwema, akaniambia nimuegemeze mtoto kwenye besi yake, ile fidla ndefu kuliko mtu, atasikia kwa mifupa, muziki utampata tu, muziki haumkosi mtu. Nilikubali, kumridhisha. Akapiga noti nzito. Wote wamekusanyika, wanangoja muujiza. Mtoto alitulia kidogo, akageuka, akaanza kunivuta kifuani anataka kunyonya.

"Ana njaa," nikawaambia. "Muziki hajaomba."

Niliona wameumia. Lakini jamani, nao waache kumngojea afanye kitu cha kuwafurahisha.

Jumanne, 7 Mei

Jua limetoka. Nepi zote zimekauka. Nimezikunja mara mbili kwa kupenda tu.

Alhamisi, 9 Mei

Tulikwenda mimi, mtoto na mama mkwe. Shemeji yako alitukuta huko, vumbi la chuma bado liko kwenye nyusi.

Mtaalamu ni mwanamke kijana, sauti ya chini. Alimbandika mtoto nyaya kichwani akiwa amelala kwenye mapaja yangu. Mashine ilikuwa inachora mistari. Alipandisha sauti, mstari umelala. Akapandisha. Mama mkwe alikuwa anaomba kimyakimya, midomo inakwenda. Sauti ilifika mahali na mimi nikaanza kuisikia ikivuja kwenye vile visikizio, kali kama msumari. Mstari umelala. Sikio la pili vilevile.

Akatueleza bila kuzungusha. Masikio yote mawili. Huenda tangu kuzaliwa, chanzo hawezi kutuambia. Kuna kifaa cha kusaidia kusikia, atatuandikisha, lakini kwa kiwango hiki tusikitegemee kitampa maneno. Akasema mtoto hana ugonjwa, ana akili timamu, anachokosa ni lugha, na lugha inaweza kuingilia machoni. Tuanze sasa, nyumba nzima, mikono na uso. Tusingoje shule.

Shemeji yako akauliza, "Kwa hiyo hatamsikia mama yake akipiga?"

"Hapana," akasema.

Hilo ndilo alilouliza, Dada. Katika yote. Akatoka nje, nikamwona kwenye korido amegeukia ukuta.

Mtoto aliamka akatafuta uso wangu. Nilikuwa nimeuandaa. Nilimpa.

Saa ile walikuwa wanaanza sehemu ya pili ukumbini, nadhani.

Ijumaa, 10 Mei

Bwana Fimbo ametuma tiketi za mstari wa mbele, sisi wote wanne, na mtoto amehesabiwa kiti chake. Sheria yake ameiacha palepale. Nilitaka kuzichana. Mama mkwe kazichukua, kazipiga pasi.

Jumapili, 12 Mei

Tumerudi jioni hii. Niandike kabla sijasahau hata kidogo.

Miaka yote hii sijawahi kukaa mbele ya okestra yetu. Ukiwa ndani unasikia jirani zako na tumbo lako. Sikujua tunafanana na nini. Sehemu ya kwanza ilinipita, nilikuwa namtazama mwenzangu kwenye kiti changu, natafuta makosa. Hakuna. Mtoto alikuwa mapajani mwangu ameelekea jukwaani, anafuata pinde kama siku zote. Mapipa alimwona, akamkonyeza.

Ikaja sehemu ya pili. Ukumbi ukanyamaza. Mwenzangu akainua upinde, na ile sauti ikaanza, sauti yangu, kutoka nje yangu. Dada, sasa ndiyo nimemwelewa yule mbeba mizigo. Ile sauti haikuulizi. Inaingia inakokujua, inakaa pale panapokuuma. Mwenzangu alifika pale kabla ya fidla, akavuta pumzi kama nilivyoagiza, na fidla zikaingia chini yake. Nikasikia watu nyuma yetu wanaanza kuvuta makamasi. Mama mkwe alikuwa ameshaloa. Shemeji yako amefunika macho kwa kiganja. Kiti cha pili kuna mzee wa suti anatetemeka kabisa.

Niliwachukia wote. Sikutegemea hilo. Nilitaka kusimama niwaambie mnalia nini, nyie mnasikia.

Wakati huo mtoto akageuka. Amechoka na pinde, anataka watu. Akamtazama bibi yake, uso umekunjamana, machozi. Akamtazama baba yake, hana macho, ana kiganja. Akamtazama yule mzee wa suti. Kila anakogeuka watu wazima wanalia na hakuna anayemwambia kwa nini. Mdomo wake ukaanza kutetemeka. Nalijua lile tetemeko. Na yeye akilia hajui sauti yake inafika wapi, analia kama king'ora, na okestra sasa ilikuwa imeshuka chini kabisa, pale tunapopiga kwa ncha ya upinde, hata karatasi ikianguka inasikika. Bwana Fimbo alikuwa ametupa mgongo. Niliona mabega yake yamekaza. Alijua tuko nyuma yake.

Nilimgeuza mtoto anitazame mimi, nikatabasamu.

Si tabasamu la kuonyesha meno tu, hilo analijua, halimdanganyi. La kweli. Ilinibidi nilitafute. Moyo wangu ulikuwa unachanwa na sauti ile, kila kitu ndani kinataka kulia na wenzangu, na mimi nimekaa pale mstari wa mbele na uso wa asubuhi ya jua. Nikapandisha nyusi. Nikamwonyesha mzee wa suti kwa kidole, nikajishika kifua, nikapitisha kidole shavuni kama chozi, kisha nikatikisa kichwa: si kitu, ni mambo ya watu wazima. Sikujua nafanya nini, nilibuni tu. Alinikazia macho. Mdomo bado unatetemeka. Nikarudia tena, kifua, chozi, si kitu. Akautafuta uongo kwenye uso wangu, sehemu kwa sehemu, kama anavyokagua pinde. Hakuupata.

Akanyoosha mkono akagusa kifua changu. Kisha akagusa shavu langu, palepale nilipopitisha kidole.

Dada, amejibu. Nilimwambia kitu na amenijibu. Katika ukumbi uliojaa watu, sisi wawili tumezungumza na hakuna aliyetusikia.

Nilishikilia lile tabasamu mpaka mwisho wa sehemu ya pili. Mashavu yaliniuma. Sijawahi kupiga kitu kigumu hivyo maishani mwangu, na sikukosea.

Jumatatu, 13 Mei

Nimelia leo, mtoto akiwa amelala. Mama mkwe alifunga mlango, akakaa na cherehani yake barazani mpaka nikamaliza.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua zimekatika. Bwana Fimbo alikuja mwenyewe nyumbani, akanirudishia kiti changu. Mtoto alimjia kwa nyuma akamvuta suruali, naye aliinama mpaka chini kabisa uso ukawa mbele yake, ndipo akasalimia. Hakuna aliyemfundisha. Nimemwambia nitarudi Juni, siku mbili kwa wiki, nyingine ni za mtoto. Akakubali bila kutaja sheria.

Shemeji yako anatengeneza swichi ya taa karibu na mlango, mtu akiingia awashe na kuzima, mtoto ajue amekuja. Mama mkwe anajifunza ishara kutoka kwa muuza mboga ambaye kaka yake ni kiziwi. Kwa sasa anajua nyanya, kitunguu na "umenipunguzia".

Daftari linaisha. Wewe uko mji wenye shule ya viziwi, kwa hiyo naagiza kwako vitu hivi, na usiongeze vya kwako:

Kitabu cha lugha ya alama chenye picha kubwa, chenye maneno ya nyumbani, si herufi peke yake.

Jina la mwalimu mmoja wa shule hiyo anayeweza kupokea simu ya picha, na saa anazopenda kupigiwa.

Kioo cha kutundika, kipana kama mlango wa kabati, nikiweke mbele ya mkeka wake aone anayekuja nyuma.

Uzi mmoja wa sello, ule mwembamba kuliko wote. Wangu umekatika Jumatano.

Balbu mbili za rangi ya njano, hapa zipo nyeupe tu na zinamuumiza macho.

Picha yako. Si ile ya kitambulisho. Piga nyingine, uso wote, karibu, ukiwa unacheka kwa kitu kilichokuchekesha kweli, maana huyu ukimfanyia cha uongo atajua.